Maji ya Ndimu

Sikiliza, na usinikatize. Haya sikusimuliwa, yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Kama ningekuwa natunga si ningejipamba hata kidogo?

Nilikuwa mhudumu wa sherehe kwenye klabu moja ya gofu hapa Singida, jina lake nalihifadhi. Wenzangu niliwaambia nimekulia Arusha. Ukweli ni kwamba nimelelewa na bibi mzaa mama kule Ilongero, kwenye mtama na alizeti, na nilikuwa naona haya kusema natoka huko. Haya ya kijinga tu.

Siku hiyo kulikuwa na harusi ya wakubwa. Nilipangiwa kunawisha wageni: jagi mkono huu, beseni mkono huu, maji ya vuguvugu yaliyokamuliwa ndimu. Nafika meza ya mwisho, nani kakaa? Bibi. Kitenge chake cha shambani, katambuga miguuni, mikono imejaa unga wa mtama.

Shikamoo nikaimeza. Mimi niliyefundishwa kupiga goti nikimwamkia, nilisimama wima mbele yake.

"Mjukuu wangu," akasema kwa Kinyaturu, taratibu, "nimekuja uninawishe."

"Mama, una kadi?" nikamjibu kwa Kiswahili cha mjini. "Bila kadi hapa huli."

"Sitaki kula. Ninawishe tu, niende."

Nikamimina harakaharaka ili aondoke. Mwenzangu Rehema akanisogelea.

"Unaongea na nani?"

"Simjui. Bibi tu, kaingia kudoea chakula."

Rehema akatazama kiti, kisha akanitazama mimi. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Maji ya jagi yalikuwa yamekwisha, na beseni, niamini, lilikuwa kavu.

Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka kazi iishe. Jioni nilipoichukua yangu nikakuta mjomba amepiga tangu asubuhi. Bibi alikuwa amefariki alfajiri.

Nikapanda bodaboda mpaka Ilongero. Mama mdogo, aliyemwosha marehemu mchana ule pamoja na akina mama wengine, akanivuta pembeni.

"Usiku kucha alikuwa anakuulizia, anataka umnawishe. Na tulipomfunua tumwoshe, mikono yake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, inanukia ndimu. Humu ndani ndimu imetoka wapi?"

Nililia sana. Wakanibembeleza, wakidhani ni uchungu wa msiba. Ilikuwa aibu. Ningewaambiaje kwamba nilimnawisha huku namkana?

Ile kazi niliiacha. Lakini mpaka leo nikinawa nile, mikono inanukia ndimu, hata maji yawe ya kisimani. Mara nyingi nakiacha chakula kinapoa. Na wewe unayenisikiliza, ukikutana na mtu wako mbele za watu, mwamkie kwanza, wanaotazama waache watazame. Rehema bado hunipigia simu kuniuliza yule bibi niliyesema simjui alikuwa nani, na sijaweza kumjibu.