Majivu yangu, mashine ya Ulaya na mama aliyeitwa mrozi

Mwakeye wakuu.

Naona humu kila siku vijana mnatambiana mashine. Mara hospitali fulani inapima mpaka DNA ya babu yako, mara AI itamfukuza daktari kazi. Haya, mzee wenu leo nawapa kisa. Siyo chai, nilikuwepo, na mjinga mkuu ni mimi mwenyewe.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa maabara, hospitali moja huko Kasulu. Maabara yenyewe darubini moja, tena ina ukungu. Lakini nilivyolivaa lile koti jeupe, mngedhani nimegundua penisilini.

Basi kukatokea tatizo kijiji kimoja upande wa Kitahana, Kibondo. Watoto watano walilala wazima, wakaamka miguu imekakamaa. Kutembea hawawezi.

Lawama zikamwangukia Nibigira, mama mjane, mkimbizi kutoka Burundi. Alikuwa akitwanga unga wa muhogo na kuwagawia majirani. Wakasema ni mrozi, ametia uburozi, yaani sumu ya kichawi. Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watano, lakini hilo nani alitaka kulisikia?

Kijiji kikataka afukuzwe. Mganga wetu mkuu wa hospitali akawasihi wasubiri vipimo.

Wakati huo tulikuwa na mtaalamu wa Kizungu pale hospitali. Akasema kwao kuna kitu kipya, capillary isotachophoresis. Jina tu linachosha taya!

Alivyotueleza ni hivi: una mrija mwembamba kama sindano. Unatia tone la mkojo, unapitisha umeme mkali. Vilivyomo vinapanga foleni, chenye mbio mbele, kizito nyuma, hakuna kuacha pengo. Hata kitu kidogo mno kinabanwa humo mpaka kinaonekana, kwenye karatasi mashine inachora ngazi ngazi. Kila ngazi kitu chake.

Nikaitikia kwa kichwa kama naelewa.

Nikatumwa kukusanya mikojo ipelekwe kwao Ulaya. Sharti lilikuwa moja: chupa zisuuzwe kwa maji safi ya maabara, basi.

Mimi nani niambiwe usafi na Mzungu? Kwetu chombo hakijatakata mpaka kisuguliwe na majivu. Nikazisugua zote kwa majivu ya maganda ya ndizi, zikang'aa, nikajipongeza.

Wakuu, majivu ni chumvi tupu.

Majibu yakaja baada ya miezi: hazisomeki. Chumvi imejaa mno, kinachotafutwa kimefunikwa, tupeleke nyingine. Mzungu akaniuliza nilizioshaje, nikamwambia. Hakunigombeza hata, akacheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Mganga mkuu akanituma kijijini nieleze kwamba tumeharibu, tunarudia. Nikasimama mbele ya mkutano, koti jeupe mwilini, nikasoma kwenye barua ya majibu neno moja tu: hazisomeki. Sababu nikaimeza. Ningesemaje mbele ya watu wazima kwamba msomi wao ameshindwa kuosha chupa?

Mwenyekiti wa kijiji akainuka. "Mmesikia wenyewe! Hata mashine ya Ulaya imeshindwa. Basi huu ni uburozi hasa!"

Watu wakapiga makofi. Eti ushahidi!

Nibigira akanigeukia. "Mwanangu, wewe si umesoma? Waambie basi."

Nikakunja barua, nikaangalia viatu vyangu.

Akaondoka siku ile ile. Mtoto alikuwa na miaka kama saba, mkubwa wa kubebwa, lakini alimfunga mgongoni hivyo hivyo, miguu imechomoza pembeni kama kuni. Hakuna aliyempokea hata mzigo, nami nikiwemo.

Mikojo ya pili niliosha chupa nilivyoambiwa. Mashine ikasoma vizuri kabisa: alama ya sumu ya mihogo michungu, kwa kila mtu tuliyempima, na mwenyekiti aliwazidi wengi.

Kumbe kijiji kilikuwa kimehamishiwa mbali na mto. Mihogo iliyokuwa ikilowekwa siku nne ili sumu itoke, ikawa inalowekwa moja, kisha inatwangwa. Ndiyo hiyo tu, hakuna cha mrozi wala nini!

Nikampelekea mwenyekiti karatasi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo imepima mihogo. Uburozi si ilishindwa?"

Nikamfuata Nibigira mpaka Gwarama, nilikosikia amehamia, nikamwombe radhi. Wakaniambia alishavuka mpaka, amerudi Burundi, kule kule alikokimbia kuuawa.

Kwa hiyo mnaponisifia mashine humu, mimi nacheka. Ile haikukosea hata mara moja. Mwongo alikuwa aliyevaa koti.

Nitukaneni, nimestahili. Ila kama kuna mtu humu anamjua mtu mzima wa Burundi, miguu imekakamaa tangu utotoni, mama yake Nibigira, aniandikie. Sijui nitamwambia nini, lakini aniandikie.