Nani Anafagia Chombo cha Angani?

Tupokigwe alikuwa na swali moja tu kwa muvi zote za angani: nani anafagia? Watu wanaruka kutoka sayari hii mpaka ile, sakafu inang'aa, sahani hazioshwi, choo hakitajwi kabisa. Thubutu! Penye watu mia tatu pana taka za watu mia tatu, na lazima kuna mtu kainama mahali anazizoa. Basi yeye alimtafuta huyo mtu. Akimwona kule nyuma kabisa ya picha, hata kama ni kivuli tu kinachopita na ndoo, anamdaka na kumpa jina papo hapo: "Mwoneni Matilda yule! Kavuka nyota zote, kafika angani, na bado kashikishwa ufagio!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kutafsiri kwa sauti muvi za kigeni, zile zinazouzwa kwenye flashi na kuoneshwa vibandani. Tena tusidanganyane, Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, cha huko Rungwe, na wala hakukihitaji sana. Yeye alisimulia. Roboti linalotawala mji alilifanya mkusanya ushuru mwenye tumbo. Chombo kilichoharibika angani alikiita basi lililokwama njiani pale Igawa, na abiria wake walilalamika vilevile, kwa maneno yaleyale. Miaka kumi na minne alijifunika blanketi chumbani kwake ili kelele za jirani zisiingie, kipaza sauti mdomoni, akawamwagia watu wa Mwanjelwa maoni yake yote juu ya mashine, wakubwa na dunia inakokwenda, na watu wakadhani wanatazama muvi tu.

Matilda wa kweli alikuwa mfagiaji wa soko. Kila Jumamosi mchana aliingia kibandani na ufagio wake, akasimama nyuma. Hakukaa hata siku moja; alisema akikaa mgongo utagoma kunyanyuka. Alisubiri jina lake. Likitajwa, alicheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga, "Jamani, mimi tena! Mimi huko juu!" Akina mama wanaopanga nyanya na viazi chini, kando ya barabara, walimpisha apite, na wiki nzima walimwita Mama Angani.

Mwenye mali alikuwa Rabson. Laibrari ya muvi ilikuwa yake, kompyuta zake, jina lake likitangulia kila muvi: "Laibrari ya Rabson, Mwanjelwa, hapa ndipo penyewe!" Mwaka jana akamletea Tupokigwe karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Mzee Eliezeri, asaini. Sauti ya Tupokigwe itakuwa mali ya laibrari, popote itakaposikika. Akasaini. Mtu umefanya naye kazi miaka yote hiyo, utaanza kumkagua leo?

Miezi miwili baadaye Rabson akamkalisha dukani, anatabasamu kama mtu anayekuletea mchumba.

"Dada Tupo, sasa tuna akili mnemba. Nimeilisha muvi zako zote. Inatoa sauti yako, wewe mwenyewe huwezi kuitofautisha. Tena haili, hailali, haikohoi."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika, dada. Umechoka."

Akapumzishwa hivyo hivyo, kama kuku anayefukuzwa jikoni. Akarudi kuuza ndizi mbivu, kazi aliyoiacha zamani. Aibu ikamkaba, hakumwambia mtu. Hapo alikosea, na alilijua kosa lake baadaye. Muvi mpya ziliendelea kutoka na sauti yake, ila sasa roboti likisema "fungua mlango", sauti nayo inasema "fungua mlango", basi. Hakuna basi la Igawa, hakuna ushuru. Mtu akipita na ndoo, anapita tu.

"Tupo, mbona siku hizi sipo?" Matilda akamuuliza.

"Utakuwepo," akajibu, akageuza uso.

Kisha ikaja Jumanne ile. Tupokigwe alikuwa anapanga mikungu yake pembeni ya akina mama wa nyanya. Sauti ilifika kabla ya gari. Aliisikia inakuja kutoka juu ya barabara, akageuka kama mtu aliyeitwa, maana ilikuwa yake. Gari la matangazo likajitokeza taratibu, dereva wake Anord kwenye usukani, spika mbili juu ya paa.

"Akina mama mnaopanga bidhaa chini! Ni mimi Tupokigwe wenu! Ikifika Ijumaa muwe mmeondoka. Hapa panajengwa maegesho ya kisasa. Mmeuchafua mji vya kutosha!"

Watu wote wakamtazama yeye, akiwa na mkungu mkononi na mdomo wazi.

"Siyo mimi," akasema. "Ni mashine."

"Mashine inalijua jina lako?" mmoja akamrushia. "Sauti yako tunaijua tangu watoto wetu hawajazaliwa!"

Matilda hakupiga kelele. Alikuja na ufagio wake mpaka pale. "Kumbe sisi ni uchafu, Tupo," akasema, kisha akainama akafagia vumbi na maganda yote ya pale kuelekea miguuni pake, akamwachia hapo, akaondoka. Wengine wangemtukana mpaka jioni asingejali. Hilo la Matilda lilimchoma hadi kwenye mfupa. Kesho yake alimsalimia mara mbili, asubuhi na mchana, na mara zote mbili Matilda alifagia kana kwamba hajasikia kitu.

Jumanne ileile, gari lilipopita tu, alimfuata Rabson dukani. Rabson wala hakunyanyuka. Akamwambia wazi kwamba kuna mzabuni anayelitaka eneo lile kwa ajili ya maegesho, kataka sauti inayopendwa na akina mama, na yeye kampa.

"Umenitia ubaya na watu wangu, Rabson. Kawaambie siyo mimi niliyesema."

"Dada, karatasi ulisaini. Sauti si yako."

"Rudia."

"Sauti si yako! Ni ya laibrari. Iseme nini, ni juu yangu."

Mkono ulimwasha amzabe kofi. Akaufunga kwenye khanga. "Sawa," akasema polepole. "Ni juu yako." Akatoka. Alipofika kwenye kona alikuwa anacheka peke yake, na si cheko zuri.

Siku hiyohiyo mchana, kisasi kikawekwa jikoni. Tupokigwe alifunga mlango, akajifunika blanketi. Hakumwomba Mungu uvumilivu, alimwomba pumzi. Alichagua muvi ya zamani ambamo roboti moja kubwa limeteka sayari nzima, akaanza kama karatasi ilivyotaka: "Laibrari ya Rabson, Mwanjelwa, hapa ndipo penyewe!" Halafu akalimwaga lote. Roboti likawa dude la bati lenye tumbo, linataka kila mahali pawe maegesho, na kwenye sayari nzima hakuna mwenye gari ila lenyewe. Pembeni yake lina kibaraka wake, Mmeza Sauti, anayezunguka na gunia akiwanyonya watu sauti kooni. "Mtazameni anavyotembea! Yeye hana hata neno lake moja, akitaka kumsalimia mama yake inabidi aazime!" Aliwatukana kwa saa mbili kasoro dakika chache, kwa ufundi wote wa miaka kumi na minne, na alipofunua blanketi nguo zilikuwa zimemlowa jasho. Alijisikia vizuri mno. Usiniambie kisasi hakina utamu. Wewe hujawahi kufagiliwa vumbi miguuni.

Ile kazi akaituma kwa mdogo wake Tumpe, aliyekuwa anachaji simu na kuuza muvi Igawa, pale malori yanaposimama. Tumpe akaigawa bure. Madereva wakaibeba kwenda Iringa, wengine wakaipandisha Chunya, wachimba dhahabu wakaiangalia wakiwa na vumbi usoni, wakawa wanaitana "tumbo la bati" mashimoni. Alhamisi ilisharudi Mwanjelwa yenyewe, kwenye kila simu. Na mzabuni kweli alikuwa na tumbo.

Ijumaa asubuhi, siku ileile akina mama waliyoambiwa waondoke, ofisi ya serikali ya mtaa ilijaa mpaka nje. Mzabuni alikuja kavimba, kamtanguliza Rabson. Akina mama walibanana dirishani. Matilda alisimama mlangoni na ufagio wake, hamtazami Tupokigwe.

"Mwenyekiti, nimedhalilishwa," mzabuni akaanza. "Nimeitwa dude la bati."

"Na nani?" akauliza Mzee Eliezeri.

"Na huyu hapa!" Rabson akamnyooshea Tupokigwe kidole.

Tupokigwe akasimama, akatoa heshima. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama."

"Naomba isomwe ile karatasi niliyosaini. Wewe ulikuwa shahidi."

Mzee Eliezeri akatafuta kwenye faili, akavaa miwani, akasoma: sauti ya Tupokigwe ni mali ya laibrari, popote itakaposikika.

"Sasa mimi naingiaje?" Tupokigwe akauliza. "Sauti imetukana, mkamateni mwenye sauti. Si yule pale?"

Mzabuni akageuka mzimamzima. "Kumbe ni mashine yako, Rabson?"

"Hapana bosi! Mashine haiwezi..."

"Uliniambia inatoa sauti yangu mpaka mimi mwenyewe siwezi kuitofautisha," Tupokigwe akamkatiza. "Utamwonyeshaje bosi wako kwamba hii siyo yenyewe?"

Rabson jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Akachomoa simu. "Sikilizeni wenyewe! Hii ndiyo ya mashine, ile ya kwenye gari. Niliiandika mwenyewe Jumatatu kwa mikono yangu, huyu hakuwepo, hakujua chochote! Mnasikia? Haipumui! Sasa hii ya dude la bati. Hapa anavuta pumzi. Hapa anacheka. Hapa anakohoa! Huyu ni mtu, ni Tupokigwe mwenyewe!"

Akabaki kanyanyua simu juu kama aliyeshinda kesi. Kisha Matilda akauliza kutoka mlangoni:

"Ya kwenye gari nani aliandika?"

Ndipo Rabson alipojua amejimaliza. Akina mama walipiga yowe moja, dirisha likatikisika. Mzee Eliezeri akagonga meza, akamwomba mzabuni barua ya kupewa eneo. Mzabuni akasema barua inafuata. Suala hilo likapelekwa ngazi za juu, na mpaka leo liko hukohuko juu, na nyanya bado zinapangwa chini.

Lakini mzabuni hakutaka kuondoka mikono mitupu, alitaka mtu wa kumtafuna. "Karatasi inasema sauti ni yako," akamwambia Rabson. "Nitakushtaki wewe." Kusikia hivyo, Rabson akaiparamia karatasi mezani, akaichana vipande vinne mbele ya mwenyekiti. "Siyo yangu! Ni yake! Achukue na sauti yake!"

"Basi ni wewe uliyenitukana," mzabuni akamgeukia Tupokigwe.

"Mimi, baba? Mimi nimesimulia roboti, kwenye sayari ya mbali, miaka mia ijayo. Jina lako nimelitaja wapi? Kama umejiona mle ndani, pole sana."

Hata Mzee Eliezeri alilazimika kuvua miwani aifute.

Matilda hakuomba msamaha kwa mdomo. Kesho yake alfajiri Tupokigwe alifungua mlango akakuta uwanja wake umefagiwa mpaka barabarani, mistari ya ufagio imenyooka. "Ndaga," akasema peke yake, yaani asante, akalia kidogo, kisha akapika chai.

Rabson alifunga laibrari kabla mwezi haujaisha. Akahamia Igawa kuuza makava ya simu, na huko nako akamkuta Tumpe. Mchungaji alimtembelea Tupokigwe, akamwambia kwa upole kwamba sasa inatosha, amsamehe mwenzake. Tupokigwe akamkaribisha ndizi, akamwambia ataliombea jambo hilo. Pengine aliliombea kweli.

Jumamosi moja mchana kibanda kikajaa. Siku hizi Tupokigwe harekodi kwanza, anakaa pale mbele na kipaza sauti chake na kusimulia mubashara, watu wamwone mdomo unavyotembea. Chombo kikapaa. Kule nyuma ya picha akapita mtu na ndoo.

"Mwoneni Rabson yule!" akasema Tupokigwe. "Kafika angani kwa sauti ya kuazima, kapewa ufagio wake mwenyewe. Fagia, baba. Na pale chini ya kiti umeacha."

Kibanda kikalipuka. Matilda, kasimama nyuma kama kawaida yake, akapaza sauti juu ya vicheko: "Na mimi je, Tupo? Ndiyo nimeachishwa kazi?"

Tupokigwe akangoja picha ibadilike. Akaja nahodha, kwenye kile kiti kikubwa cha mbele, nyota zote zinamjia usoni.

"Wewe ndiye unayeendesha," akamwambia. "Kaa chini, Matilda."

Mtu mmoja akamsogezea benchi. Matilda akaliangalia, akaegemeza ufagio ukutani, akakaa.