Waya wa Dhahabu na Salamu za Shangazi

Asubuhi ya harusi ya dada, hereni zake zilikuwa bado waya. Bibi alikuwa ametoa pete yake pekee iyeyushwe. Macho yake hayaoni tena, basi alitaka walau aipapase dhahabu yake masikioni mwa mjukuu kabla hajaondoka kwenda kanisani.

Baba mdogo ni sonara, anafanyia kazi sebuleni kwetu Kashai. Aliuvuta waya kwenye chuma chenye matundu, tundu kubwa hadi dogo, ukawa uzi.

"Sasa ni mgumu kama kichwa chako," aliniambia. "Chembe zake zimevutika, zimebanana. Moto kidogo unazaa chembe mpya ndogondogo, waya unalainika. Ukizidisha, zinamezana."

"Kama viranja na nyama ya bweni."

"Hivyo hivyo. Mwisho chembe moja inajaza unene wote wa waya. Ukikunja, unakatikia zinapoungana."

Akauweka juu ya kipande cha mkaa, akauelekezea moto wa bomba la gesi. Ndipo shangazi, dada yake mkubwa, akaingia kutoka Muleba.

Huwezi kumsalimia mkubwa umempa mgongo. Baba mdogo akaliegesha bomba likiwaka vilevile, moto ukiulenga waya, akageuka, akainama. Shangazi akauliza habari za nyumba, za migomba, za kikohozi cha mwaka jana. "Waitu," akasema kwa adabu ya Kihaya, "na ng'ombe?" Hatuna ng'ombe. Wakazungumza habari za ng'ombe hata hivyo.

Waya ukawa mwekundu, kisha ukaanza kung'aa. Mtoto hakati salamu za wakubwa wala hapiti katikati yao. Mimi mwenye mdomo kuliko shule nzima nikabaki kukohoa.

"Pole, baba! Mafua?" Shangazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza salamu upya na mimi. Kila nikivuta, anakaza.

Baba mdogo alipogeuka, waya ulikuwa na vipele kama ganda la chungwa. Akaukunja taratibu. Tik. Akajaribu upande wa pili. Tik.

"Uyeyushwe upya, uvutwe upya," akasema bila kunitazama.

Nje gari la kwenda kanisani likapiga honi.

Bibi akamwita dada, akampapasa sikio. "Ziko wapi?"

"Ziko, bibi," dada akasema. "Ni nyembamba sana."

Nikavikusanya vipande vya waya.

Bibi akalisugua lile sikio tupu. "Nyembamba kweli," akasema. Honi ikalia tena, naye hakuliachia sikio.