Tororo Mpaka

Miaka ile ya sitini, Busia nzima nilikuwa nasifika kwa mambo mawili: mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Kwa hiyo mwenye duka la baiskeli, Mkenya mnene aliyevuka mpaka kila asubuhi kuja kufungua duka upande wetu wa Uganda, alipoamua kuandaa mbio za kwenda Tororo, hakuhangaika kutafuta mwandishi. Alinipa ubao mweusi na chaki tatu, akasema, "Mama, waandikie watu njia ilivyo, na washindani ni kina nani. Nataka soko lichemke." Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, bado imeviringishiwa karatasi za kiwandani.

Baiskeli ile niliitaka kuliko mtu yeyote. Mume wangu alibeba wasafiri kati ya vituo viwili vya forodha, akiwaita "boda, boda" tangu alfajiri, na fremu yake ilikuwa imeungwa kwa moto mara tatu. Fundi alishatuambia kwamba ikikatika tena haitaungika. Mimi nilishona mito ya kukalia abiria, lakini mto bila baiskeli hauwalishi watoto.

Basi nikachapa kazi. Kipande cha kwanza, niliandika, ni tambarare, kutoka kizuizi cha mpakani hadi kwenye bwawa la mafunjo. Hapo kila mtu ni bingwa, msidanganyike. Kipande cha pili ni kilima chenye changarawe, na wenye vitambi wajiandae kushuka na kusukuma. Kipande cha tatu ni reli, vumbi la kiwanda cha saruji, kisha Tororo mpaka sokoni. Pembeni nikaongeza ushauri wa bure: mkikutana na treni, mpisheni, maana yeye hajui kukwepa.

Halafu nikawageukia washindani. Wa kwanza, muuza samaki wa Lumino: huyu anakwenda kasi kwa sababu anaikimbia harufu ya mzigo wake mwenyewe. Wa pili, katekista wa Paya: pumzi anayo, anaweza kuimba kitabu kizima cha nyimbo akipanda kilima, ila hawezi kumpita muumini bila kumjulia hali, na njia yote ile ni waumini. Wa tatu, mume wangu. Hapo nikakwama. Mke kumsifu mumewe ubaoni ni kujipigia makofi, kwa hiyo niliandika tu: mtu mpole, mwangalieni vizuri.

Watu walicheka siku mbili nzima. Wengine walikuja wakasomewa, wakaondoka, wakarudi na jamaa zao wasomewe tena. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilimwogopa yule wa Lumino. Miguu alikuwa nayo, baiskeli nzuri alikuwa nayo, na majivuno hayakumpungukia: popote alipofika alitangaza kwamba alisoma mpaka darasa la sita, na kwamba hakuna maandishi yanayompita.

Hilo ndilo lililonipa akili, kama akili ni jina lake. Asubuhi ya mbio, kabla wageni wa Lumino na Paya hawajafika, nilipita kwenye ubao nikafuta neno moja kwa pindo la leso. Neno lenyewe ni "sokoni". Ikabaki: Tororo mpaka. Na kwetu ukisema Tororo mpaka, hata mtoto anajua unasema Malaba, kule kwenye forodha nyingine, mwendo mrefu kupita mji wenyewe. Msomi wangu angesoma, angepinda kuelekea Malaba, na samaki wake wangempongeza huko.

Mume wangu nilishamwambia kwa mdomo: mwisho ni sokoni, penye utepe. Hila sikumwambia, maana angewaendea wapinzani wake mmoja mmoja kuwaonya, na kuwaomba radhi juu yake. Ubao haukunitia wasiwasi. Nilikuwa nimemwanzishia kusoma kwa maandishi ya paketi za sabuni, na kwa nilivyojua mimi, alikuwa bado amekwama kwenye ba, be, bi. Nilipomwona amesimama mbele ya ubao huku midomo ikimchezacheza, nilidhani anasali.

Nikapanda lori la mwenye duka, tukatangulia Tororo. Tulisubiri sokoni hadi mtu mmoja akapiga kelele kwamba vumbi linakuja. Akatokea mume wangu, peke yake! Nyuma yake hapakuwa hata na kivuli. Nilirukaruka mtu mzima mimi, leso ikaanguka, sikujali. Akafika njia panda, tunamwona kabisa, akapinda njia ya Malaba.

Soko zima likapiga kelele arudi. Yeye alidhani anashangiliwa, akatupungia mkono, akazidi kukanyaga. Nilitamani ardhi inimeze.

Muuza samaki alifika kitambo baadaye, akasimama njia panda, akamwuliza mama muuza ndizi, "Mama, mwisho wapi?" Akaonyeshwa, akaja polepole akakata utepe. Nilipata nguvu za kumwuliza kama alisoma ubao. Akanijibu kwamba mtu wa darasa la sita hasomi mbao za sokoni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Katekista alifika wa pili, sauti imemkauka kwa salamu.

Mume wangu alirudi alasiri, mweupe kwa vumbi la saruji, baiskeli mpya imeshaondoka zamani. Akashuka, akatutazama.

"Mimi nafika mpaka," akasema. "Askari ya forodha ananiuliza nimebeba nini. Namwambia nimeshinda." Kisha akanigeukia, akapunguza sauti. "Mama watoto, wewe ulisema soko. Ubao inasema mpaka. Nikasema, mdomo inaweza kukosea, maandiko hapana. Nilisoma mbaya?"

Mwenye duka akamgonga bega. "Pole, ndugu yangu. Kusoma ni kazi, hujazoea tu."

Nikaona uso wake ukishuka. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo, heshima yangu ingebaki nzima, na yeye asingeshika tena hata paketi ya sabuni. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

"Ulisoma sawasawa," nikasema, na wote waliokuwapo walinisikia. "Kila herufi. Mimi ndiye niliyefuta neno la mwisho, nimdanganye yule wa Lumino."

Mwenye duka aliniondolea kazi ya chaki papo hapo. Mume wangu hakukasirika, na hilo liliniuma kuliko kofi.

"Neno gani?" akauliza.

"Sokoni."

Akalitamka taratibu, so, ko, ni, akigonga kidole kwenye usukani kwa kila kipande.

"Hata hiyo ningesoma," akasema.