Jina Alilolisoma Simel

Mpwa wangu Simel alisomeshwa na mimi, wengine wasikudanganye. Wamisheni walipofungua darasa lao chini ya Olmotonyi nilikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kufukuzwa, maana nilicheka wakati wa sala. Lakini nilitoka na herufi zote, nikamchorea mtoto wa dada yangu kwenye majivu, angali akichunga ndama. Akaingia darasani naye. Akawa anasoma kila kitu: kitabu cha sala, maandishi ya debe la mafuta ya taa, hata karatasi iliyofungiwa sukari.

"We mume wa karatasi, mbuzi wako shambani."

"Nakuja, mjomba." Na haji.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, boma la serikali likachukua wanaume kubeba mizigo. Baba yake Simel, Koikai, akaenda nao. Kila baada ya miezi ililetwa karatasi ya majina ya wapagazi wa kwetu, na aliyekufa amewekewa msalaba. Sisi Waarusha jina la marehemu hatulitaji. Kwa hiyo wazee wakapanga: msomaji ataje walio hai, wenye msalaba awaruke. Mke asiyesikia jina la mumewe atajua mwenyewe, aende akanyoe nywele.

Kwa elimu, kazi hiyo ilikuwa yangu. Ila niliwahi kuwasomea barua ya boma nikaongeza kwamba msomaji apewe mbuzi na kila kaya. Nilikula wawili kabla hawajanishtukia. Wakampa Simel, miaka kumi na mitano, kwa sababu hajui kudanganya.

Siku ya karatasi ya tatu, dada yangu Nosim alikaa mbele kabisa. Mimi nilisimama nyuma ya Simel, na kwa urefu wangu huu nikauona msalaba kwenye jina la Koikai. Simel alinyamaza.

"Mbona kimya?" Nosim akauliza.

"Wino umefifia, yeyo." Kisha akasoma, "Koikai."

Mama yake akainuka anacheka, akaenda kuosha kibuyu cha mumewe.

Njiani Simel akanishika mkono. "Mjomba, uliona?"

"Mimi naona kila kitu."

"Basi mwambie wewe."

"Nani ataniamini mimi?" Nilisema kwa mzaha. Sijawahi kusema jambo la kijinga kuliko hilo, na nimesema mengi.

Miezi miwili Nosim alimwekea Koikai maziwa jioni, asubuhi akawapa mbwa. Kisha akarudi mpagazi mmoja, Loserian, vidole vya miguu vimeliwa na funza. Nosim akamwuliza habari za mumewe. Loserian akatazama chini.

"Nilimfukia mwenyewe, kabla ya mvua."

Karatasi ile ya tatu ilikuja baada ya mvua. Dada yangu alirudi nyumbani, akavua hereni, akanyoa kichwa, ndipo akamwita mwanawe.

"Ulijua?"

"Ndiyo, yeyo."

"Ukamtaja mbele za watu."

"Nilitaka uendelee kucheka."

Hakumpiga. Laiti angempiga. Alimwambia tu asimsomee tena, wala yeye wala mtu mwingine. Karatasi iliyofuata wanawake waliipeleka Akheri, kwa Wameru, mwendo wa siku nzima, wasomewe na mgeni.

Simel bado anasoma. Hukaa nyuma ya zizi, midomo imefungwa. Juzi nilimtania anisomee japo mstari mmoja. Akafunga kitabu, akasema hana sauti.