Barua ya Kusubiri Kazi

Reli ilipokamilika, sisi mafundi tuliobaki kwenye karakana ya kambi ya ujenzi, nje kidogo ya Mbeya, tukawa hatuna kazi. Nilikuwa nimechomelea vyuma pale kwa miaka minne. Siku ya mwisho tulipewa mkono, tukapigwa picha ya pamoja, tukaambiwa taifa linatushukuru. Nikarudi mjini, mtaa wa Mwanjelwa, kwenye chumba tulichopanga, nikamkuta mke wangu anafua, mimba ya mtoto wa pili imeshakuwa kubwa. Nilimwambia nitapata kazi nyingine kabla hajajifungua.

Alijifungua, mtoto akaanza kukaa, bado sijapata. Ulikuwa wakati mbaya. Mvua zilikuwa zimekataa, mafuta ya magari yamepanda, viwanda vinapunguza watu. Baadaye mvua zikarudi, kahawa ikapata bei, na kila mwenye cheo akawa anasema hali imetengemaa. Sikatai. Mahindi yetu meupe yalionekana tena sokoni, tukaachana na ule unga wa njano wa msaada. Lakini kila Jumatatu nilipokwenda ofisi ya kazi niliwakuta watu walewale kwenye foleni, nikatazama visogo vilevile.

Afisa wa pale alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa kumwambia mtu hapana. Kila mara alinieleza kwamba uchumi ni kama mgonjwa aliyetoka kulazwa, haanzi kwa kukimbia. Nilimsikiliza kwa heshima huku nikiuma meno. Jumatatu moja aliniita mbele ya wenzangu, akanipa barua yenye muhuri. Iringa kulikuwa na kinu cha kukamua alizeti kilichosimama tangu ukame, sasa kinafufuliwa, na kilihitaji mchomeleaji mmoja. Barua ilisema mimi ndiye.

Huko Iringa nilifikia mtaa wa Mlandege kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, mjane aliyeimba kwaya ya kanisa la Kilutheri. Asubuhi yake nikaenda kinuni. Meneja alisoma barua, akaniambia kazi ipo na ni yangu, ila spea ya mtambo haijafika, na bila mtambo kuwaka hawezi kuniandika. Nije wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo. Ya tatu pia. Sikuthubutu kurudi Mbeya, spea isije ikafika nikiwa sipo. Nilimtengenezea mama mdogo mlango, nikaziba paa, nikalima bustani yake hadi ikakosa magugu. Hakuwahi kunisema, lakini nilipokula chakula chake nilikuwa naangalia chini.

Siku hizo amri ilikuwa imetoka kwamba wasio na kazi waondolewe mijini wakalime. Asubuhi moja mama mdogo alinituma chumvi. Niko sokoni, mgambo wakatuzunguka. Mmoja wao, kijana mwenye adabu kabisa, akaniomba kitambulisho cha kazi. Nikatoa ile barua. Aliisoma yote, mpaka muhuri.

"Hii ni barua ya kusubiri kazi, ndugu," akasema. "Anayesubiri hafanyi."

Tuliwekwa uani kwenye ofisi moja, mimi, kinyozi na mzee aliyekuwa akiuza maandazi. Mama mdogo alipata habari, akaja na kitenge chake cha kwaya, akaomba kuonana na kiongozi wao.

"Mwanangu huyu ameitwa huku na serikali," alimwambia. "Ameitika. Sasa mnamkamata kwa kuitika?"

Kiongozi alimpa kiti. Akamjibu kwamba hata yeye amepewa amri, na gari limeshakuja. Mama mdogo hakukaa kwenye kile kiti.

Lori lilitushusha bonde la Usangu, kwenye kijiji kilichokuwa kinafungua mashamba mapya. Nikapewa jembe na kipande cha pori. Nilimwandikia meneja kueleza yaliyonipata, barua nikampa dereva wa lile lori. Baada ya wiki sita mwenyekiti wa kijiji aliniruhusu kwenda kuulizia. Nilipokaribia kinu nikasikia mtambo unanguruma, nikajua kabla sijaambiwa.

Nilimuuliza meneja kama alipata barua yangu, akanipeleka dirishani. Ndani kulikuwa na mtu amevaa miwani ya kuchomelea, ameinama kwenye bomba.

"Tuliliita jina lako getini siku tatu mfululizo," akasema. "Barua yako haikunifikia. Ulikuwa wapi?"

"Nilikamatwa kwa kukosa kazi."

Akasema taratibu, "Kazi yenyewe ilikuwa hapa."

Niligeuka nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemtukana, naye hakuwa amenikosea. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi: afisa, meneja, mgambo, hakuna hata mmoja niliyeweza kumnyooshea kidole nikasema huyu ndiye.

Nilirudi Usangu kwa sababu Mbeya ningeanza tena foleni. Jirani zangu kule walikuwa wafugaji waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakilima kwa plau. Plau zilikuwa zinavunjika, na duka la vipuri lilikuwa mbali. Mzee mmoja aliniletea yake, akaniuliza kama ni kweli mimi ni fundi. Umeme wala gesi sikuwa navyo. Nilishona mvukuto wa kupulizia moto kwa ngozi aliyonipa, nikachimba tanuri, nikaiunga ile plau kwa nyundo na moto wa mkaa kama wahunzi wa zamani. Ilishika. Wakaanza kuja wengine, wakinilipa maziwa na mpunga. Mke wangu akahama na watoto, akaniona nimejaa masizi, akasema angalau sasa nina kazi. Nilimkatalia kwa ukali, nikajuta. Nilikuwa nimesomea kuunga chuma kwa umeme, na mikono yangu ilikuwa inasahau.

Mwaka uliofuata akaja karani wa kuandikisha wakazi na shughuli zao. Nikamwambia aandike fundi mchomeleaji. Akaniuliza mashine iko wapi. Nikamwonyesha mvukuto. Akatabasamu, akatazama shamba langu la mpunga, akaandika mkulima. Nilimwomba afute. Akasema ameandika kwa wino, kisha akanishukuru, akaenda nyumba ya pili.