Alisema Hakuna Barabara, Akaambiwa Ahame

Kumekucha, lakini ukungu bado umefunika mteremko. Mama Ngazi, mkulima wa viazi, anafumba macho, anaomba kimya kimya, kisha anashusha sururu kwenye ubavu wa mlima. Leo halimi. Anachimba barabara.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya matuta yake, yanayoshuka kama ngazi kutoka mlangoni kwake. Kabla hajayachimba, kila mvua iliondoka na udongo, na shamba lilimpa magunia manne kwa msimu. Sasa anavuna kumi na moja. Shida ni kuyafikisha sokoni: theluthi ya mapato yake huishia kwa mwenye punda anayembebea.

Mwaka jana alikuja mtathmini wa mradi wa maendeleo kupima hali ya maisha ya wakulima wa milimani. Aliketi jikoni, akakaribishwa chai, akauliza. Barabara ipo? Haipo. Umeme? Hakuna. Zahanati? Mbali.

"Nilimjibu kweli tupu, maana Mungu anasikia," anasema. "Nikajua sasa tutaletewa."

Kilicholetwa ni pendekezo. Kaya za juu zihamie bondeni, kwa kuwa maisha ya huku ni duni. Atakayebaki asitegemee mbegu wala bomba la maji la mradi.

"Nilisema barabara hakuna ili ije barabara. Sikusema ili niondoke mimi."

Wifi yake, anayezoa udongo kwa karai, anacheka. "Ungemwambia una uwanja wa ndege wangekuacha."

"Nyamaza uzoe."

"Si nazoa? Ila huko bondeni mgongo wangu ungepumzika."

"Nenda basi. Nitakutumia viazi."

Wifi anajitwisha karai na kwenda kumwaga. Haendi bondeni, anarudi kwenye udongo.

Kaya saba zimekubali kuhama. Mama Ngazi hazisemi vibaya. "Mwenye mtoto mgonjwa nitamwambia nini? Zahanati iko huko chini."

Lakini kwenye mkutano wa mwezi uliopita alisimama mbele ya mtathmini.

"Uliniuliza kila kitu, mwanangu. Mbona hukuuliza kama nataka kuhama?"

"Swali hilo halikuwemo, mama."

"Liweke. Jibu langu ni hapana."

Kijana hakubisha. Aliahidi kurudi baada ya mavuno kupima upya, kabla uamuzi haujapitishwa.

Ndiyo sababu ya sururu. Kaya sita zilizogoma zinachimba kwa zamu njia ya kupitisha mkokoteni hadi darajani, inakoanzia barabara ya magari, zikipita kwenye mawe ambayo watu wa mradi walisema hayavunjiki. Baadhi yamevunjika. Mengine wameyazunguka.

Mama Ngazi anajifuta jasho kwa ncha ya kanga na kutazama kipande kilichobaki.

"Namwomba Mungu mvua ichelewe kidogo tu," anasema. "Wakija kuuliza tena kama barabara ipo, watakuwa wameshaikanyaga."